Baba wa kitabuni karudi, wa kwangu je?

Swali: Binti yangu ana miaka mitano na kaka yake ana tisa. Mimi na baba yao tuliachana mwaka jana. Mwanzoni alikuwa akiwapigia simu, lakini sasa ni miezi hajapiga, na tukimpigia hapokei. Mdogo nimekuwa nikimwambia kuwa baba kasafiri. Rafiki alinishauri nimsomee vitabu vya picha vinavyogusa jambo hili, nikapata kimoja cha dubu mdogo anayemsubiri baba yake. Ukurasa wa mwisho baba dubu anaingia mlangoni na kumkumbatia mwanawe. Binti yangu akawa anataka nimsomee ukurasa huo tu, tena na tena. Baada ya siku kadhaa akakificha kitabu chini ya godoro, na hataki mtu akiguse. Usiku ameanza tena kujikojolea. Kaka yake akisikia tunasoma anatoka chumbani. Je, nimemuumiza mtoto? Na kama vitabu vinasaidia kweli, nichague vipi na nisome vipi?

Jibu: Dada, hujamuumiza. Kinachomuuma kilikuwepo kabla ya kitabu. Mtoto wa miaka mitano anayetaka ukurasa uleule urudiwe anauliza swali ambalo bado hana maneno yake: huyu baba yake karudi, wangu mbona harudi? Ulisoma mara nyingi na jibu halikuja, akaamua kukiweka kitabu mahali anapokitawala mwenyewe. Kukificha chini ya godoro analolalia ni tofauti na kukitupa. Kiache hapo. Ukitandika kitanda jifanye hukukiona, na usimwulize kwa nini kakificha. Kujikojolea nako ni jambo la kawaida kwa mtoto aliyekuwa ameshaacha na sasa amebeba jambo zito. Badilisha shuka bila maneno mengi, bila adhabu, na usiruhusu kaka yake amcheke. Hali hiyo ikiendelea, au akilalamika maumivu anapokojoa, mpeleke kwa daktari ili ujue kama ni ugonjwa.

Kuna jambo nataka tulimalize kabla ya kugusa vitabu, maana lisiposhughulikiwa hakuna kitabu kitakachokufaa. Ulimwambia baba kasafiri. Naelewa, neno hilo hukutoa kwenye maswali kwa siku ile. Lakini aliyesafiri hurudi, na mtoto analijua hilo. Umempa kazi ya kusubiri, kisha dubu wa kitabuni akamhakikishia kuwa anayesubiri hupata. Baada ya hapo mtoto hupiga hesabu zake: kama baba wa dubu karudi na wangu hajarudi, basi kuna kosa nimefanya. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza jinsi watoto wa kati ya miaka miwili na saba hivi wanavyoyaona mambo kutokea upande wao tu, na jinsi wanavyoamini kuwa wazo au tendo lao linaweza kusababisha mambo makubwa. Binti yako anaweza kuwa ameshika kabisa kwamba baba aliondoka kwa sababu yeye alivunja kikombe, au kwa sababu siku moja alikasirika akatamani baba asiwepo. Hatakwambia. Mtoto hukaa na siri ya namna hiyo miezi mingi.

Hali yenu ina ugumu wake wa pekee. Mtafiti wa Marekani Pauline Boss, aliyeanza na familia za wanajeshi waliopotea vitani bila kujulikana walipo, amekuwa akiandika tangu miaka ya 1970 kuhusu kumpoteza mtu kusiko na uhakika: hayupo, lakini hakuna kaburi, na hakuna tarehe ya kurudi. Watu wa nje hawajui hata wakupe pole gani. Mtu mzima huchanganyikiwa katika hali hiyo, sembuse mtoto. Ndiyo maana ukweli, hata ukiwa mchache na wenye mapengo, ni bora kuliko hadithi tamu ya safari.

Maneno yenyewe yawe mafupi. Ningekuwa wewe ningesema hivi, siku ya kawaida, tukiwa tunafanya kitu kingine: "Nilikuambia baba kasafiri. Hajasafiri. Mimi na baba tuliamua tusiishi pamoja, na sasa anaishi kwingine. Siku hizi hapigi simu. Sijui kwa nini hapigi, na sijui kama atapiga. Siyo kwa sababu ya kitu ulichofanya, au ulichosema, au ulichowaza. Mimi nipo hapa na wewe, na kesho nipo." Usiliache hilo neno "ulichowaza", watu wazima husahau kuwa mtoto huogopa hata mawazo yake. Baada ya hapo jiandae kurudia hayohayo mara nyingi, kwa sauti ileile. Atauliza tena kesho kana kwamba hujawahi kumwambia.

Utashawishika kuongeza, "Lakini baba anakupenda sana." Wengi hulisema kwa nia njema, na mimi nashauri ulikwepe. Humsemei mtu aliyenyamaza. Mtoto akiambiwa kuwa anayempenda sana ndiye asiyepiga simu, atajifunza kuwa mapenzi ndivyo yalivyo. Sema ulichokishuhudia wewe mwenyewe: "Ulipozaliwa baba alikubeba, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nilimwona." Hilo ni lake na hakuna atakayelifuta. Na kumsema vibaya pia acha, hata siku ambayo unazo sababu zote. Mtoto anajijua kuwa ni nusu ya mtu huyo.

Sasa vitabu. Kitabu cha aina hii mimi nakianzia mwisho, peke yangu, kabla hakijafika mikononi mwa mtoto. Ukurasa wa mwisho ndio unaobaki kichwani taa ikizimwa. Jiulize: hiki ambacho kitabu kinaahidi, nyumbani kwetu kinawezekana? Kitabu cha dubu si kibaya. Kinamfaa sana mtoto ambaye mzazi wake yuko kazini mbali, yuko hospitalini, au yuko safari yenye siku ya kurudi. Kwenu, kwa sasa, kinaahidi kisichokuwepo. Unachotafuta ni hadithi ambayo kitabu kinafungwa aliyeondoka akiwa bado hayupo, lakini mtoto wa kwenye hadithi ana mtu wa kumshika, ana pa kulala, na hakuna aliyemkataza kukasirika. Vitabu hivyo ni vichache, maana waandishi hupenda kumrudisha kila mtu nyumbani kabla ya jalada la nyuma. Vipo, lakini vinataka subira.

Ukivikosa, chukua hadithi isiyomtaja mzazi kabisa: ndege aliyebaki wenzake walipohama, mtoto anayehamia nyumba mpya, mti uliokatwa uani. Mara nyingi hizi hufanya kazi vizuri kuliko kitabu ambacho jalada lake tu linatangaza kuwa baba kaondoka. Mtoto huisogelea mwenyewe, kwa mwendo wake.

Kuna mjadala kuhusu wanyama na watu. Walezi wengi huchagua wanyama kwa hoja kwamba mtoto anaweza kuizungumzia huzuni ya sungura bila kulazimika kukiri ya kwake. Hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo, watafiti wa Toronto, Patricia Ganea akiwa mmoja wao, waliwasomea watoto wa miaka minne hadi sita hadithi kuhusu kugawana vitu na wenzao. Wengine walisomewa yenye wahusika watu, wengine ileile lakini wahusika wake ni wanyama wanaoishi kama watu. Waliosomewa ya watu ndio waliokuwa wepesi zaidi wa kugawa baadaye. Utafiti huo haukuhusu huzuni, kwa hiyo usiufanye sheria, ila unatukumbusha kuwa si kila mtoto huvuka kirahisi kutoka kwa sungura hadi kwake mwenyewe. Mimi mtoto ambaye bado hawezi kulitaja jambo nampa mnyama. Akianza kulitaja kwa mdomo wake, nahamia kwenye vitabu vya watu. Binti yako bado yuko kwa wanyama.

Halafu angalia nyuso zilizochorwa. Nyuso zilizotabasamu kutoka mwanzo hadi mwisho hazina kazi hapa. Tafuta uso ambao wewe na mtoto mnaweza kubishana: huyu ana huzuni au ana hasira? Vitabu visivyo na neno hata moja navipenda mno kwa kazi hii, kwa sababu hakuna sentensi inayomwambia mtoto kile anachotakiwa kukiona. Tena humfaa bibi au babu ambaye kusoma kunampa tabu lakini kusimulia anakujua kuliko sisi sote. Ninavyovikwepa ni vitabu vinavyohubiri, vile ambavyo kufikia ukurasa wa nne mtu mzima ameshamwambia mtoto awe jasiri, na kufikia wa sita mtoto anacheka. Mtoto aliyefiwa au aliyeachwa hujua anadanganywa, na atakuonea wewe aibu kwa kumsomea.

Kwa wasomaji wengine ambao mzazi hayupo kwa sababu tofauti, nigusie kwa ufupi. Kama mzazi amefariki, kitabu lazima kitumie neno kufa. Watoto wengi wa chini ya miaka mitano hudhani aliyekufa anaweza kurudi. Kati ya miaka mitano na saba hivi ndipo wengi huanza kushika kwamba kifo hakirudishwi na kwamba mwili uliokufa hauli, hausikii, wala hauumwi. Hadithi inayosema marehemu amelala inaweza kumfanya mtoto aogope kitanda chake. Kama mzazi yuko gerezani, mtoto hubeba aibu juu ya huzuni, na anahitaji kuona mwingine mwenye jambo lilelile. Watengenezaji wa Sesame Street, kipindi cha televisheni cha watoto cha Marekani, walilitambua hilo mwaka 2013 walipomleta Alex, kikaragosi ambaye baba yake yuko jela, ndani ya vitu walivyowaandalia watoto wa wafungwa na walezi wao. Kama mzazi yuko mbali lakini anapatikana, mwombeni arekodi sauti yake akisoma kitabu ambacho mtoto anacho nyumbani. Marekani shirika la United Through Reading limekuwa likifanya hivyo kwa familia za wanajeshi tangu 1989, na Uingereza lipo Storybook Dads, lililoanzia gereza la Dartmoor, ambalo huwarekodi wafungwa wakiwasomea watoto wao. Simu ya kawaida inatosha. La muhimu ni mtoto awe na kitabu chenyewe mkononi ili afunue kurasa wakati sauti inasoma.

Turudi kwako. Wengi huvisoma vitabu hivi usiku kwa sababu huo ndio muda wa hadithi. Mimi nakataa. Usiku mtoto amechoka, na akifungua jambo zito hakuna nafasi ya kulituliza kabla ya usingizi. Soma mchana au jioni mapema, siku ambayo baadaye anaweza kutoka akacheze. Hadithi ya usiku ibaki ya mchezo na vicheko. Na kaeni ubavu kwa ubavu, kitabu kikiwa katikati. Macho yenu wote yakiwa kwenye picha, mtoto husema mambo ambayo hayasemi akiangaliwa usoni.

Mara ya kwanza soma mwanzo hadi mwisho bila kuuliza lolote. Kuanzia mara ya pili unaweza kuazima njia aliyoieleza mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake mwaka 1988, ambapo mtu mzima anamwachia mtoto asimulie, yeye akiuliza maswali ya wazi na kuyaendeleza majibu ya mtoto. Waliibuni kwa ajili ya kukuza lugha, na kwa kazi ya huzuni mimi huchukua nusu yake tu. Maswali ya kupima yaache. Kumwuliza sungura ana rangi gani hakusaidii, na kumwuliza "Na wewe unamkumbuka baba?" ni kubaya zaidi, maana kunamtoa kitabuni kwa nguvu kabla hajawa tayari.

Nikuonyeshe inavyokwenda. Tuseme ukurasa una sungura mdogo aliyesimama dirishani, na nyuma yake kuna meza yenye viti vitatu, kimoja kikiwa kitupu. Umemaliza maneno ya ukurasa ule. Usifunue unaofuata, subiri. Mtoto anaweka kidole kwenye kile kiti. Ulimi utakuwasha useme kuwa ni kiti cha baba. Uzuie. Sema tu unachokiona: "Hiki hakina mtu." Labda atanyamaza. Labda atasema, "Ni cha baba yake. Kakasirika." Hujui nani kakasirika, sungura au baba, kwa hiyo uliza hilohilo: "Nani kakasirika?" Akikujibu, "Baba. Sungura ana kelele," umeshasikia kilichokuwa kimefichwa. Mjibu kupitia sungura: "Sungura wadogo wote wana kelele. Baba hakuondoka kwa ajili ya kelele." Nyamaza tena. Akifunua ukurasa, mfuate bila kurudi nyuma. Akisema, "Na mimi nina kelele," basi amevuka mwenyewe, na sasa unaweza kumwambia kwa jina lake yale uliyomwambia sungura.

Mazungumzo kama hayo huchukua dakika mbili, tatu. Kisha ataomba mpira. Usidhani hajaelewa au hajali. Watoto huhuzunika kwa vipande vifupi, wanaingia na kutoka, na kucheza ndiko kunakowapumzisha. Wewe ndiye utakayebaki umekaa na kitabu mapajani ukitamani kuendelea. Acha.

Atakitaka kitabu kilekile tena, na tena. Mkubalie. Jessica Horst na wenzake walionyesha mwaka 2011 kuwa watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi zilezile kwa kurudia walijifunza maneno mapya vizuri kuliko waliokutana na maneno hayohayo katika hadithi tofauti. Hayo ni ya maneno, lakini aliyewahi kukaa na mtoto mwenye huzuni ameona jambo linalofanana: kila mzunguko mtoto huchukua kitu kingine. Na akianza kuibadilisha hadithi, mwache. Akikwambia baba wa sungura karudi wakati kitabu hakisemi hivyo, usimsahihishe na usimkubalie. Sema, "Ungependa iishe hivyo." Sentensi hiyo ifanye yako. Itakufaa pia siku atakapokitoa mwenyewe kile cha dubu na kukupa ukisome, kwa sababu utaweza kumaliza kwa kusema, "Baba wa dubu karudi. Ungependa na wako arudi. Mimi sijui kama atarudi." Akilia, mkumbatie na usijaribu kumnyamazisha kwa ahadi.

Kaka yake yuko kwenye umri mwingine. Anajua baba hakusafiri. Alijua siku zote, na amekuwa akikuona ukimwambia mdogo wake uongo huku akilazimika kuulinda. Huenda ndicho kinachomtoa chumbani. Mkiwa wawili tu, mwambie kuwa unabadilisha maelezo na kwamba hana siri tena ya kukutunzia. Kitabu cha picha usimlazimishe, atakiona cha watoto. Ila unaweza kumwomba amsomee mdogo wake siku moja moja, kama msomaji. Mtoto wa miaka tisa akiwa na kazi ya kufanya husikia mengi bila kujulikana kuwa anasikiliza. Na mlango wa chumba uache wazi. Wengi wa umri wake husikiliza kutoka upande wa pili wa ukuta.

Kitabu ambacho ningekitegemea kuliko vyote hakiuzwi popote. Ni kile mtakachokitengeneza wenyewe. Katika miaka ya 1990, akina mama wa Uganda waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, wengi wakiwa katika chama chao cha NACWOLA, waliandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ukoo wao, mtoto alizaliwaje, alipenda nini akiwa mdogo, mama mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani. Wakati ule walijua huenda wasiwaone watoto wakikua. Mengi yaliyosemwa kupitia vitabu vile yalikuwa mambo ambayo mama na mtoto hawakuwa wamewahi kuyatamka. Mbinu hiyo inahamishika hadi kwenye hali yenu bila shida.

Chukua daftari lisilo na mistari. Usilianze na baba. Ukurasa wa kwanza awepo yeye, picha yake au mchoro wake, na jina lake. Unaofuata ni nyumba mnayoishi na waliomo. Kisha watu wanaomjali, kila mmoja na jambo analolifanya naye: nani humsuka, nani humfundisha kuendesha baiskeli. Baba aje baadaye, kwenye ukurasa wake mmoja au miwili, na pale andika mambo ya kweli tu. Urefu wake. Wimbo aliokuwa akiuimba. Kwamba binti ana masikio kama yake. Kisha ukurasa wa mambo tusiyoyajua, uandike kabisa: "Hatujui baba anafanya nini leo." Mtoto akichora kitu cha kutisha kwenye ukurasa huo, au akiuchorachora wote kwa kalamu nyeusi, ndiyo kazi ya ukurasa huo. Ukurasa wa mwisho uachwe mtupu, ili daftari lisije likaahidi lisichokijua.

Picha za baba usizifiche wala usizitundike kila mahali. Moja ndani ya daftari inatosha, na mtoto mwenyewe aamue ibandikwe wapi. Mkiwa mnabandika, ongea. Robyn Fivush na Elaine Reese, ambao wamechunguza kwa miaka mingi jinsi wazazi wanavyokumbushana mambo na watoto, wameonyesha kuwa mtoto wa mzazi anayesimulia kwa undani, akiongeza nani alikuwepo na kila mtu alijisikiaje, hukua na kumbukumbu zenye maelezo mengi zaidi kuhusu maisha yake mwenyewe. Kwa hiyo usiishie "hapa tulikuwa ufukweni." Sema mawimbi yalimwogopesha, akamng'ang'ania baba shingoni, kisha baadaye akakataa kutoka majini.

Kama kuchora na kuandika kunakushinda, kwenye intaneti kuna maktaba za African Storybook na StoryWeaver zenye vitabu vya picha vya bure, vikiwemo vya Kiswahili. Leseni zake zinaruhusu kubadilisha maandishi. Unaweza kuchukua picha za hadithi iliyopo ukaiandikia maneno yanayomhusu mwanao, ukiwataja mwandishi na mchoraji wa awali, ukaichapisha au ukaisoma kwenye simu. Mimi napendelea karatasi. Kitu cha karatasi kinaweza kulaliwa, kama ulivyoona.

Na wewe je? Hukujiuliza, lakini mtoto wako anakusoma wewe kabla ya kitabu. William Worden na Phyllis Silverman waliwafuatilia watoto 125 wa familia 70 waliofiwa na mzazi, na katika yote waliyoyapima, hali ya mzazi aliyebaki, jinsi anavyojimudu siku hadi siku, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoamua zaidi mtoto anaendeleaje. Wale walikuwa wamefiwa na nyinyi hamkufiwa, ila hapo sioni tofauti kubwa. Machozi yakikutoka unaposoma, hakuna kilichoharibika, sema, "Nimelia kwa sababu na mimi nimeumia. Nitakuwa sawa," kisha endelea au funga kitabu. Lakini kama huwezi kufika ukurasa wa tatu bila kuvunjika, mwombe shangazi, mjomba au bibi asome kwa sasa. Mtoto asipewe kazi ya kukubembeleza.

Kitabu kina mipaka yake. Mtafute mshauri nasaha wa watoto au mtaalamu wa afya ya akili ikiwa mtoto anaacha kula au kulala kwa muda mrefu, ameacha kucheza kabisa, anajiumiza au anaumiza wenzake, anasema anataka kufa, au anashindwa kuachana nawe hata kwenda shule, na hali haipungui wiki zikipita. Maneno ya kutaka kufa usiyasubirishe hata siku moja, hata yakitoka kwa mtoto mdogo. Kwa kaka angalia mambo ya kimyakimya: alama kushuka ghafla, kujitenga, hasira isiyolingana na kilichotokea. Ukienda kwa mtaalamu, beba lile daftari kama watoto wameridhia, na mweleze neno kwa neno ulichowaambia kuhusu baba yao, ili wasije wakasikia habari moja nyumbani na nyingine kwake.